Kuzungumza na vijana wetu juu ya bangi



Katika mikutano yetu na familia zilizokimbia vita kuna swali ambalo haliandikwi kwenye programu ya siku, lakini halikosi kamwe. Tumekwisha kuzungumza juu ya mashamba, juu ya maji, juu ya majirani waliotupokea, na watu wanajitayarisha kwenda. Ndipo mama mmoja anainua mkono: "Na hawa watoto wetu wanaovuta bangi, tuwafanye nini?" Hapo wote wanaongea kwa pamoja. Mmoja anasema wafukuzwe, mwingine wachapwe fimbo, mwingine wapelekwe kwa askari. Ni wachache sana wanaosema: tuzungumze nao.

Makala hii ni kwa ajili ya hao wachache, na kwa ajili ya wale wanaotaka kuzungumza lakini hawajui waanzie wapi.

Kwa nini jambo hili linahusu amani

Katika Kivu zetu mbili, bangi haibaki jambo la mtoto na wazazi wake. Kuku akipotea kwa mwenyeji, wa kwanza kutajwa ni "wavuta bangi wa kambini". Simu ikiibwa kambini, wa kwanza kutajwa ni vijana wa kijiji. Kisha linafuata jina la kabila. Nimesikia jamii nyingi zikiitwa "watu wa bangi", na karibu kila mara ni jamii ambayo haikuwa na mtu wake katika mkutano.

Tena kuna makundi yenye silaha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia vita vya mashariki ya Kongo waliandika katika ripoti zao kwamba baadhi ya makundi yalijipatia pesa kwa biashara ya bangi inayolimwa upande wa Lubero. Na watoto waliotoka katika makundi mbalimbali wameeleza, mwaka hadi mwaka, kwamba walipewa bangi na pombe kali ili wasiogope kabla ya kwenda vitani. Kijana aliyezoea bangi na asiye na franka ya kuinunua ni rahisi kuitwa porini, maana kule ataipata bila kulipa. Kijana aliyefukuzwa na jamii yake naye ni rahisi kuitwa, kwa sababu hana tena pa kulala. Viongozi wanaotaka "kusafisha" kambi au kartie kwa kuwatoa vijana hawa waangalie kwanza barabara ambayo hao vijana watashika wakitoka hapo.

Tangu kambi nyingi zilizouzunguka mji wa Goma zilipovunjwa katika mwezi wa pili 2025, jambo hili limekuwa gumu zaidi kulishika. Familia zimetawanyika. Wengine wamerudi Masisi na Rutshuru na kukuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine, wengine wamebaki kwa jamaa, watu kumi katika chumba kimoja. Kambini kulikuwa na kamati, kulikuwa na wamama viongozi waliomjua kila mtoto kwa jina la mama yake. Sasa kijana anafika kijijini na hakuna anayejua alikuwa nani jana.

Bangi ni nini, na inafanya nini mwilini

Bangi ni mmea uliotoka Asia zamani sana, na hata jina lake tulilipokea kutoka India kupitia bahari. Kwenye majani yake, na zaidi kwenye maua yake, kuna kemikali inayoitwa THC. Mtu akivuta moshi wake, kemikali hiyo inafika kwenye ubongo kwa dakika chache. Mtu anaweza kucheka bila sababu, kujisikia mwepesi, kuona saa zinakwenda polepole, kupata njaa kali. Mwingine anapata woga mwingi na moyo unapiga mbio. Kwa saa kadhaa kumbukumbu inapungua na mikono haitii haraka, ndiyo maana motari aliyevuta ni hatari kwake na kwa abiria wake. Mabaki yake yanakaa mwilini kwa siku nyingi, na kwa mtu anayevuta kila siku yanaweza kukaa majuma kadhaa.

Kwa mtu mzima madhara yapo. Kwa kijana ni makubwa zaidi, na sababu yake ni rahisi kueleza: ubongo wa mtu haujamalizika kujengwa mpaka karibu na umri wa miaka 25. Sehemu inayochelewa kuliko zote ni ile ya kupima mambo, ya kujizuia, ya kufikiri juu ya kesho. Kijana wa miaka 14 anayevuta kila siku ni kama nyumba ambayo mvua inainyeshea kabla haijaezekwa. Shuleni anasikia somo lakini halikai. Na wale walioanza mapema na kuvuta sana wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa akili ambao mtu anasikia sauti zisizokuwapo au anaamini kwamba watu wote wanamfuata, zaidi kama katika ukoo wake kuna mtu aliyewahi kuugua hivyo.

Lakini tusiwadanganye watoto. Wazazi wengi wanasema, "Ukivuta mara moja utakuwa kichaa." Kijana anajua kwamba rafiki yake alivuta jana na leo yuko uwanjani anacheza mpira. Tangu siku hiyo hataamini neno lingine lolote tutakalomwambia, hata lile la kweli. Ukweli ni huu: wengi wanaojaribu bangi hawawi watumwa wake. Utafiti uliofanywa Marekani ulikuta kwamba kati ya watu 10 waliowahi kuitumia, karibu 1 alifika hatua ya kushindwa kuiacha. Kwa walioanza wakiwa vijana wadogo, ilikuwa karibu 1 kati ya 6. Katika darasa la watoto 60 wanaojaribu, hiyo ni watoto 10. Mwambie mtoto hesabu hiyo. Ni hesabu ya kutisha kiasi cha kutosha bila kuiongezea chumvi.

Kuna wazee wanaosema kwamba bangi ni ya mababu, na kwamba ni wazungu walioikataza. Hawakosei kabisa. Kule Kasai, katika miaka ya 1870 na 1880, watu wa chifu Kalamba Mukenge waliitwa Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Walichoma hirizi zao, wakaacha vita kati ya vijiji, na wakavuta pamoja kama alama ya urafiki. Mjerumani Wissmann, aliyefika huko mwaka 1881, aliandika habari zao. Lakini mzee anayetoa mfano huo amalizie habari yote: ilikuwa ni mambo ya watu wazima, katika mkusanyiko, mbele ya chifu, na mkosaji aliweza kuadhibiwa kwa kuvutishwa mpaka azimie. Hakuna mahali inaposemwa kwamba mtoto wa miaka 13 alijificha nyuma ya choo na kuvuta peke yake kwa sababu hawezi kulala.

Wanavuta kwa sababu gani?

Hili ndilo swali ambalo wazazi wengi wanaliruka. Tunaona kosa, hatuoni sababu. Tukikaa na vijana bila haraka, wanasema wenyewe. Mmoja anavunja mawe tangu asubuhi na anasema bangi inamsahaulisha mgongo. Mwingine anapakia makaa kwenye malori usiku na anasema inaondoa baridi. Mwingine hana shule, hana shamba, hana kazi, na wenzake wote wanakutana mahali pamoja saa kumi. Na wapo wengi, wengi sana, ambao kila wakifumba macho wanaona yale waliyoyaona barabarani siku ya kukimbia. Kwa hao bangi ni dawa ya usingizi. Inawasaidia kweli kwa usiku huo, na ndiyo sababu ni vigumu kuwanyang'anya. Ukimwondolea mtu fimbo anayoegemea bila kumpa mkono wako, ataanguka, au ataitafuta nyingine. Nyingine hiyo mara nyingi ni kanyanga, au vidonge vya tramadoli vinavyouzwa barabarani, ambavyo vikizidi vinaweza kuleta kifafa na kuzuia pumzi.

Tusisahau wasichana. Kwa sababu hawaonekani wakikaa barabarani, tunafikiri hawamo. Msichana anayefanya kazi ya usiku katika vilabu vya pombe anaweza kuwa anavuta kuliko kaka yake, na yeye ana aibu mbili za kuficha.

Dalili, na namna zinavyotudanganya

Vitabu vinasema: angalia macho mekundu, njaa ya ghafula, usingizi wa mchana, harufu katika nguo, marafiki wapya, pesa zinazopotea. Sawa. Lakini katika kibanda cha bashi ambamo mama anapika kwa kuni mbichi, ni nani asiye na macho mekundu? Mtoto anayekula mara moja kwa siku ana njaa ya ghafula kila siku. Na yule aliyepiga kelele usiku kucha kwa ndoto mbaya atasinzia mchana hata kama hajawahi kuigusa bangi. Kumshitaki mtoto asiyevuta ni njia fupi ya kumsukuma akavute, maana anasema moyoni, "Jina wamekwisha kunipa."

Kinachosaidia zaidi ni kuangalia mabadiliko yasiyoendana na maisha ya nyumba. Aliyependa mpira ameacha mpira. Aliyekuwa anakaa na bibi yake hamsalimii tena. Aliyekuwa akileta nyumbani nusu ya pesa za kazi sasa haleti kitu. Mambo mawili matatu ya namna hiyo kwa pamoja, kwa majuma kadhaa, yanatosha kwa mzazi kuanza kuzungumza. Nasema kuzungumza, si kupekua mifuko.

Mazungumzo yenyewe

Usianze akiwa amelewa bangi. Usianze wewe ukiwa na hasira. Na usianze nyumbani, kama nyumba yenu ni bashi moja na jirani anasikia hata mkikohoa. Kijana akijua watu wanasikia, atajibu kwa ajili ya hao watu, hatakujibu wewe. Wazazi waliofaulu wametueleza kwamba walizungumza wakienda kuchota maji, wakipalilia, wakibeba mzigo kwenda sokoni. Mkitembea bega kwa bega hakuna anayelazimika kumwangalia mwenzake machoni, na maneno magumu yanatoka kwa urahisi.

Fikirini pia ni nani azungumze. Kwetu kuna mambo ambayo mtoto hamwambii baba yake, ni desturi na si utovu wa adabu. Mjomba, shangazi, bibi, kaka mkubwa, mwalimu aliyempenda, katekista au mchungaji anayejua kunyamaza: mmoja wa hao anaweza kufungua mlango ambao mzazi angeugonga mwaka mzima. Pale ambapo baba alikufa vitani na mama yuko peke yake, asione haya kumwita mtu wa ukoo.

Neno la kwanza lina uzito. "Wewe umekuwa mvuta bangi!" ni hukumu, na anayehukumiwa hana la kusema ila kukana. Jaribu kumwambia ulichoona, basi: "Mwanangu, naona siku hizi husemi na mtu, na usiku husinzii. Nina wasiwasi juu yako." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mzazi. Akisema, "Papa, hakuna kitu," usimbane. Sema, "Sawa. Siku ukitaka kuniambia, nipo," na mwendelee kutembea. Mara ya pili au ya tatu ndipo wengi wanapofunguka.

Siku atakapokubali kwamba anavuta, swali la kumwuliza ni moja tu: "Inakusaidia nini?" Wazazi wengi wanashituka tukiwapa swali hili, wanaona ni kama kuisifu bangi. Hapana. Jibu lake ndilo litakaloonyesha kazi iliyobaki. Akisema, "Mama, nikivuta simuoni Papa akianguka," basi tatizo la kwanza siyo bangi, ni msiba ambao haujaliliwa. Akisema, "Wenzangu wote wanavuta," kazi ni kumtafutia wenzake wengine. Akisema ni mgongo na baridi, kaeni mzungumze juu ya hiyo kazi.

Baadaye mwulize pia inamharibia nini. Mwache aseme mwenyewe. Atakachokisema kwa kinywa chake atakikumbuka kuliko hotuba ya saa moja.

Neno moja la usalama, na naliweka hapa makusudi. Msimlazimishe mtoto kutaja nani anamuuzia, na msimuulize hilo kamwe mbele ya watu. Anayeuza anaweza kuwa mtu mwenye bunduki, au ndugu wa mwenye bunduki. Jina lililotajwa mkutanoni asubuhi linamfikia mwenyewe kabla ya jua kuchwa, na atakayelipa ni mtoto.

Akiwa ameshindwa kuacha

Mtu amefungwa na bangi anapohitaji kuvuta zaidi kuliko zamani ili apate kilekile, anapojaribu kuacha akashindwa, anapoendelea ingawa anaona inamharibia. Huyo si mwenye kiburi tu. Ubongo wake umezoea, na sasa unadai.

Akiacha, siku za kwanza ni mbaya. Anakuwa na hasira, hana hamu ya chakula, hapati usingizi, anatoka jasho, anaota ndoto kali. Inakuwa mbaya zaidi katika juma la kwanza, na kwa wengi inapungua baada ya majuma mawili hivi, ingawa usingizi unaweza kuchelewa kurudi. Familia zisizojua hili zinasema, "Afadhali alipokuwa anavuta!" na mambo yanaharibika pale pale. Mkijua, mtavumilia. Mpeni maji mengi, chakula kidogo kidogo, kazi ya mikono mchana ili achoke, na mtu wa kukaa naye jioni, hasa saa ile aliyozoea kwenda kwa wenzake. Yule aliyekuwa akivuta mara nyingi kwa siku anaweza kupunguza kwanza: aondoe ya asubuhi, kisha ya mchana. Akianguka akavuta tena, msiseme ameshindwa. Wengi wanaoacha waliacha zaidi ya mara moja. Mwulizeni siku hiyo ilikuwaje, alikuwa na nani, nini kilitangulia.

Kuna hali ambazo hazisubiri mazungumzo. Kijana anayesikia sauti, anayesema anataka kufa, anayekataa kula kwa siku kadhaa, au aliyeanguka kifafa, apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya. Muuguzi akiona ni zaidi ya uwezo wake atamtuma mbele. Bukavu iko hospitali ya magonjwa ya akili ya SOSAME, na Goma kiko kituo cha Tulizo Letu, vyote vilianzishwa na watawa wa Kanisa Katoliki. Kumfunga kamba na kumweka katika chumba cha maombi kwa juma zima si matibabu. Sala na dawa vinaweza kwenda pamoja, na wachungaji wengi wanaelewa hilo vizuri.

Kwa viongozi

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto inasema kwamba mtoto ni kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kama mhalifu kwa vyovyote. Kuanzia miaka 14 hadi 18 kesi yake ni ya mahakama ya watoto. Kamati ya wahamaji, shefu wa avenyu au nyumbakumi hana ruhusa ya kumchapa mtoto mbele ya watu, wala ya kumfungia. Na kumkabidhi kwa askari mara nyingi kunaisha namna tunayoijua wote: mama anauza sufuria ili amtoe, na kijana anarudi na hasira zaidi na marafiki wapya aliowapata mahabusu.

Mnachoweza kufanya kina nguvu zaidi kuliko fimbo. Kaeni na viongozi wa wenyeji kabla ya wizi kutokea, mkubaliane kwamba kosa litatajwa kwa jina la aliyelifanya wala si kwa jina la kambi au kabila. Tafuteni uwanja wa mpira ambao timu zake zimechanganywa, na muweke mazoezi saa kumi jioni, saa ileile ya kijiwe. Mkipata kazi ya kuchimba mitaro au kutengeneza barabara, wekeni nafasi chache kwa vijana hawa, hata kama watu watanung'unika kwamba wabaya wanapewa zawadi. Watanung'unika, ndiyo. Waelezeni.

Linabaki jambo la wauzaji, na hapa sina jibu moja kwa wote. Mkubwa anayeleta magunia hatufikii sisi. Lakini mara nyingi anayeuza vijiti viwili vitatu ni mjane mwenye watoto watano ambaye hakupata mtaji wa kuuza ndizi. Katika kikundi kimoja cha akiba, wanawake walimwita mmoja wa namna hiyo, hawakumtukana. Walimwuliza kwa siku anapata kiasi gani. Kisha wakahesabu pamoja ingechukua mtaji gani kupata kiasi hicho kwa unga wa muhogo, na wakampa nafasi ya kwanza ya mkopo. Sharti lilikuwa moja, kwamba mtoto yeyote akienda kwake kununua atamrudisha. Kikundi kinachotaka kujaribu hivyo kianze na hesabu, na kimtume mwanamke mwenzake kwenda kumwita, jioni, bila mashahidi.